Nakala Kumi na Moja

Wifi yangu hana haraka. Nalisema hili mapema ukae ukijua, maana mimi nimekuwa naye kwenye ukoo miaka kumi na sita nikidhani ni uvivu. Ukimuuliza saa ngapi, anaangalia saa, anaiangalia tena, ndipo anakujibu. Siku moja nilimwambia maharage yanaungua, akaniuliza, "Ya sufuria gani?" Sufuria ilikuwa moja.

Na nikisema wifi namaanisha mke wa kaka yangu. Kwa vile kazi yake ni ya mtandao, watu pale chuoni walilicheka neno hilo siku ya kwanza wakamaliza, na wewe malizia hapo hapo.

Mimi ni katibu muhtasi wa chuo cha uhazili, mwaka wa kumi na tisa huu. Mikononi mwangu kuna vitu vitatu: muhuri, ufunguo wa stoo ya karatasi, na kitufe cha kengele. Kitufe kipo ukutani nyuma ya kiti changu. Nikikibonyeza nahesabu hadi kumi, polepole, kila siku, kila kipindi. Kuna watu wanabonyeza kengele kama wanagusa kikaango cha moto. Mimi sibonyezi hivyo. Kengele ni amri, na amri haisemwi nusu.

Nilimtafutia wifi kazi mwenyewe. Kiwanda cha mbao alimokuwa akifanya kazi kaka yangu kilifungwa, kaka akabaki nyumbani anapanga na kupangua viatu mlangoni. Wifi alikuwa na cheti chake cha kompyuta alichokisomea huku analea, na mezani kwake hakukukosa kompyuta ya mtu iliyofunguliwa mgongo. Fundi wetu alipoacha kazi, niliingia kwa Mkuu wa chuo nikamwambia, "Huyu namjua, namdhamini." Akapewa mkataba wa majaribio wa miezi mitatu na ufunguo wa chumba cha sava. Aliufunga ufunguo kwenye kamba akauvaa shingoni.

"Wifi," aliniambia, "toka nizaliwe nimeshika funguo za jiko na za kabati la nguo. Huu ndio wa kwanza wa kazi."

Nikamwambia autie ndani ya blauzi, watu watamcheka. Akautia. Akautoa alipofika kona.

Sasa nikueleze zile mashine, maana bila hizo huelewi kitu. Chumba cha kompyuta kina mashine thelathini, ndogo, kila moja inatosha kwenye mkoba wa mama mtu mzima. Tumboni hazina kitu. Hazina pa kuhifadhi hata herufi moja. Ukiiwasha, inauliza kupitia waya: mimi ni nani, na vitu vyangu viko wapi? Sava, ile mashine kubwa ya chumba cha wifi, inaijibu na kuipa kila kitu. Ikikosa jibu kwa dakika moja hivi, inakata tamaa, inaandika mistari myeupe kwenye kioo cheusi na kukaa kimya. Katikati ya sava na hizo thelathini kuna kisanduku chenye vitaa vya kijani, ambamo nyaya zote zinakutana. Kinakaa kwenye kabati la chuma ukutani, kwenye ujia, usawa wa mlango wangu. Hata mashine ya mezani kwangu ni ya aina hiyo hiyo. Wifi alinieleza yote haya siku ya pili, kwa utaratibu wake, chai yangu ikapoa.

"Kwa hiyo nikiandika kitu hapa hakikai hapa?" nilimuuliza.

"Kinakaa kwangu. Na kila siku saa kumi jioni navinakili vyote pembeni, kikipotea kimoja tukipate."

"Vizuri," nikasema. Neno hilo "vizuri" nimelikumbuka mara nyingi tangu hapo.

Mwezi wake wa kwanza ulikwenda salama. Mwezi wa pili mashine zikaanza visa. Mkuu wetu aliwahi kufundisha gwaride, na ana sharti lake: mwanafunzi hagusi mashine kabla ya kengele. Wanakaa mikono mapajani, kengele inalia, vidole thelathini vinabonyeza pamoja. Wageni wakija wanapelekwa kutazama. Basi asubuhi moja kengele ililia, vidole vikabonyeza, na mashine thelathini zikaleta mistari myeupe. Thelathini zote. Mwalimu wa kuchapa, mama mmoja mwenye sauti ya kuuza samaki, akatoka ujiani akaita, "Fundi! Fundi wee! Wafu wamejaa humu!"

Wifi akaja na daftari lake. Ana daftari la jalada jeusi, anaandika humo kila kitu, hadi wanafunzi wakambandika jina la Madamu Daftari. Akaangalia kioo, akaandika. Akazima mashine ya kwanza, akaiwasha. Ikawaka. Akaenda ya pili. Ikawaka. Akazipitia zote thelathini moja moja, na zote zikawaka, na ilikuwa imeshafika saa mbili na dakika thelathini na tano. Kesho yake vivyo hivyo. Na kundi la mchana, saa nane, vivyo hivyo.

Mkuu alikuja kuangalia saa tatu. Akakuta wanafunzi wanachapa. "Mbona zinawaka?"

"Sasa hivi zinawaka," wifi akamjibu.

"Kwa hiyo tatizo ni nini?"

"Sijajua bado."

Jamani! Mtu unamwambia bosi "sijajua bado" kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi? Nilitamani ardhi ipasuke. Watu wengine wangebuni kitu. Wangesema virusi, wangesema umeme mdogo, wangesema wanafunzi wakorofi. Yeye alisema hajui akaenda kubadilisha waya.

Alibadilisha nyaya zote. Akaja Jumapili, chuo kitupu, akawasha mashine zote thelathini kwa mkupuo, amewachukua wanangu wawili na wa kwake watatu kumsaidia kubonyeza. Zikawaka zote. Jumatatu saa mbili, wafu. Akaleta kompyuta yake mwenyewe, akaichomeka katikati, akakaa anasoma kinachopita kwenye waya. Nilimkuta ameinamia kioo kimejaa mistari.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Zinauliza. Thelathini zote zinauliza vizuri kabisa. Hakuna anayejibu."

"Na sava?"

"Sava inasema haijaulizwa."

"Basi mmoja wao mwongo."

Akanitazama kidogo. "Hapana," akasema. "Wote wanasema kweli." Akaandika hilo daftarini.

Damu ilinichemka. Mimi ndiye niliyemdhamini, na kila asubuhi mwalimu wa kuchapa alipita mlangoni kwangu akisema, "Mashine zinamwonea haya wifi yako, akiwepo mwenyewe peke yake ndipo zinavua buibui." Walimu wanacheka, na mimi nacheka nao, meno nje, roho inaniuma. Nikaanza kumwambia kaka yangu kwenye simu kwamba mkeo ananitia aibu. Kaka akasema, "Mwache, atapata." Hao wawili ni sahani na kawa.

Kisha ikaja habari kwamba watahini wa mtihani wa kuchapa watafika baada ya wiki mbili, siku ya Jumatatu, saa mbili kamili. Mashine zisipowaka mbele yao, chuo kinafutwa kwenye orodha ya vituo vya mtihani. Mkuu aliniita ofisini kwake, akafunga mlango mwenyewe.

"Wewe ni ndugu yake," alisema. "Niambie ukweli. Ataweza?"

Hapa ningeweza kusema sijui. Wifi angesema hajui. Lakini mimi nilikuwa nimechoka kuchekwa, nikafungua kinywa nikasema, "Mkuu, kazi imemshinda."

Akatikisa kichwa. "Nitampa hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Ikifika mchana zikiwa bado, natia saini. Andaa barua ya kusitisha mkataba, uiweke. Na arudishe ufunguo."

Nikaenda mezani kwangu nikaiandika. Ilikuwa Jumatatu, saa tisa alasiri. Katibu muhtasi ni mtunza siri, nilijiambia, wala sikuitunga mimi, mimi ni vidole tu. Niliichapa haraka kuliko barua yoyote maishani, sikuisoma mara ya pili, nikaitoa kwenye printa kabla haijapoa, nikaikunja, nikaitia kwenye droo ya chini chini ya bahasha, nikafunga, ufunguo nikautia ndani ya sidiria. Siri imekwisha, nikasema. Nani ataipata huko?

Siku zilizofuata wifi aliendelea kuja kwangu kama kawaida. Alinirekebishia kibodi. Aliniletea maembe ya kukausha aliyotengeneza kaka. Alinikuta kichwa kinaniuma akanikanda shingo, na ufunguo wake ukawa unanigonga mgongoni, tik, tik. Nikamwambia inatosha, nina kazi.

Siku moja alisimama mlangoni na daftari lake.

"Wifi, ile kengele unaibonyeza kwa muda gani?"

"Kwani kengele yangu imekukosea nini?"

"Nauliza tu."

"Nahesabu hadi kumi. Miaka kumi na tisa. Unataka nihesabu hadi ngapi, nikuombe ruhusa?"

"Na hii kubwa iliwekwa lini?"

Kengele ya zamani ilikuwa imeanza kukohoa, wanafunzi wa nyuma hawaisikii. Niliandika barua tatu kuomba mpya, nikaipata, kubwa, inasikika hadi barabarani. "Mwezi wa nne mwishoni," nikamwambia. "Na ukitaka kuisema kengele yangu, kwanza tengeneza zako."

Akaandika. Akasema asante. Sikulala vizuri siku ile kwa hasira, si kwa kitu kingine.

Jumatano ya wiki ya pili jino lilinizidi, nikaomba ruhusa kwenda kuling'oa. Mlinzi wa getini ndiye aliyenishikia kengele. Alhamisi narudi, shavu limevimba, namkuta mwalimu wa kuchapa amesimama mlangoni kwangu na furaha isiyo na adabu.

"Jana zimewaka zote! Saa mbili, zote! Saa nane, zote!"

"Alhamdulillahi," nikasema, na kweli moyo ulinipunguka uzito. Nikageuka, nikabonyeza kengele ya saa mbili, nikahesabu hadi kumi.

Dakika mbili hazikupita, sauti ikaja kutoka ujiani: "Fundi wee! Wafu wamerudi!"

Siku nzima walimu walinipita wakisema mashine zinaniogopa mimi. Nilicheka nao. Lakini nilimwona wifi kwenye ujia, hakucheka. Alikuwa amesimama akilitazama lile kabati la chuma, kisha waya mmoja mweupe unaotoka kwenye kabati kupanda juu ya mlango wangu, hadi kwenye kengele. Alikuwa anaufuata kwa kidole, hewani. Mimi nikajifanya napanga mafaili.

Ijumaa, saa mbili kasoro dakika tano, wifi alimwomba Mkuu aje ujiani. Alilifungua kabati. Vitaa vya kijani vilikuwa vinapepesa, thelathini na zaidi. Mlango wangu ulikuwa wazi, kwa hiyo niliona kila kitu nikiwa kwenye kiti changu.

"Wifi," akaniita, "bonyeza kama siku zote. Usipunguze."

Nikageuka nikakibonyeza kitufe, macho kwenye kabati. Moja. Mbili. Tatu. Nilipofika nne, vitaa vilififia. Nilipofika sita vilizimika vyote kwa pamoja, kabati likawa giza. Kidole changu kilikuwa bado kwenye kitufe. Nikahesabu hadi kumi, sijui kwa nini, labda mazoea. Nilipoachia, kitaa kimoja cha njano kikawaka, kikawa kinajifikiria.

"Kinaanza upya," wifi alimwambia Mkuu. "Kinachukua dakika moja na sekunde arobaini. Mashine zinasubiri jibu dakika moja tu. Zinauliza wakati hakuna waya wa kupitisha swali."

Kutoka chumba cha kompyuta mwalimu wa kuchapa aliita wafu wake. Mkuu alitoa macho.

"Kengele imechukua umeme humu humu kabatini," wifi akaendelea. "Ikilia kidogo, hakuna neno. Ikilia kwa kirefu inanyonya umeme, hiki kisanduku kinakufa. Jumapili mashine ziliwaka kwa sababu hakuna kengele. Jumatano mlinzi alibonyeza kidogo."

Alikuwa amekuja na waya mrefu wa kurefushia. Akaitoa kengele kabatini, akaichomeka kwenye soketi ya ofisini kwangu, pembeni ya birika. Wanafunzi wakazima mashine zao, mikono mapajani. "Tena," akaniambia. Nikabonyeza, moja hadi kumi. Vitaa vya kijani vikapepesa mwanzo hadi mwisho. Na kule ndani nikasikia kitu ambacho sijakisikia kwa mwezi mzima na zaidi, mwalimu wa kuchapa amekosa la kusema.

"Nani aliyeiunganisha kengele humu?" Mkuu akauliza.

Barua tatu nilizoandika ziko kwenye faili. Ya tatu ilisema ifungwe haraka iwezekanavyo, njia yoyote.

Wifi hakugeuka kunitazama. "Fundi umeme alichukua njia fupi," akasema. "Kabati lilikuwa karibu."

Mkuu akasema aandikiwe ripoti ya ukurasa mmoja kabla ya mchana, apate kuwaonyesha watahini Jumatatu. Akaenda zake akipiga mluzi. Sijawahi kumsikia akipiga mluzi.

Wifi akavuta kiti, akakaa mezani kwangu, akafungua daftari jeusi. Yeye anasema, mimi nachapa. Nilikuwa nasubiri mahali pa jina langu. Alitaja kisanduku, akataja umeme, akataja tarehe ya kengele, akataja dakika na sekunde. Penye kidole changu alisema, "Andika: inapolia kwa zaidi ya sekunde tano." Nikaandika. Hapakuwa na mtu kwenye sentensi hiyo. Tukafika mwisho, nikaichapisha, akaisoma mara mbili, akatia saini.

Alipoinuka kuondoka mimi nikasema, nikijikaza kisabuni, "Umefanya kazi nzuri, wifi. Mimi nilijua tu."

Alisimama. Akaushika ule ufunguo wa shingoni, akauzungusha zungusha.

"Ile barua nyingine," akasema, "sasa unaweza kuifuta."

"Barua gani?"

"Ya kunisimamisha. Niliiona Jumatatu ile, saa kumi, wakati wa kunakili. Ilikuwa na jina langu. Nina nakala kumi na moja, kila siku moja. Mimi siwezi kuifuta, ni faili lako."

Uso ulinishuka hadi sijui wapi. Siku kumi na moja. Kibodi, maembe, shingo. Nilikuwa nimefunga droo, ufunguo ndani ya sidiria, na barua yenyewe inalala chumbani kwake kila siku. Nilitaka kusema ni amri ya Mkuu, mimi ni vidole tu. Haikutoka. Iliyotoka ilikuwa ni ya kweli, na sikuipanga: "Aliniuliza kama utaweza. Nikamwambia imekushinda."

Akafikiri. Unajua anavyofikiri, kama anahesabu punje.

"Siku hiyo ilikuwa imenishinda," akasema.

Nikaanza kulia, mimi, mtu mzima, shavu limevimba, saa nne asubuhi, mlango wazi. Akafunga mlango. Akanipa leso yake, akangoja nimalize kupenga.

"Ila barua ina kosa, wifi," akasema taratibu. "Umeandika mkataba unakwisha tarehe thelathini na moja, mwezi wa sita. Mwezi wa sita una siku thelathini. Nilitaka kukuambia toka siku ile, maana Mkuu angeiona angekugombeza, na wewe hukosei. Nilikuwa sijui nianzie wapi."

Akatoka. Niliifungua ile droo nikaitazama barua. Kweli, thelathini na moja. Nikaichana vipande vidogo sana, nikalifuta faili, nikaizima mashine, kisha nikakaa nikiyatazama macho yangu kwenye kioo cheusi.

Saa nane ilipofika niligeuka kwenye kitufe. Kengele ilikuwa kwenye soketi yangu mwenyewe, ningeweza kuhesabu hadi kumi na hakuna ambaye angeumia. Nikabonyeza kidogo, nikaachia.